Matangazo ya sigara hayajakwisha, yamehama: maswali ya wazazi na majibu yake

Assalamu alaykum jamani. Kila nikizungumza na wazazi kuhusu tumbaku, iwe mjini iwe shamba, maswali yanayokuja ni yale yale, na mengi ni mazuri sana, basi nimeyaweka hapa na majibu yake, anaesoma amsomee na mwenziwe.

Mbona siku hizi hatuoni tangazo la sigara kwenye TV, si yameshakwisha?

Hayajakwisha dada yangu. Ingia duka lolote la mtaani, Chake au Jang'ombe, uangalie paketi za sigara zimewekwa wapi. Mara nyingi zipo mbele kabisa, pembeni ya kopo la peremende, usawa wa macho ya mtoto aliyetumwa sukari. Hilo ndo tangazo lenyewe na mtoto analipita asubuhi akienda skuli, mchana akienda chuoni, magharibi akitumwa mkate. Halafu paketi inafunguliwa sigara inauzwa moja moja, kwa hivyo kijana ambae hana pesa ya paketi nzima anayo ya moja. Na simu usiisahau, huko msanii anaonekana na shisha kwenye klipu, vepu (sigara za umeme) za rangi rangi zenye ladha ya matunda zinapita, hakuna pahala pameandikwa kuwa hili ni tangazo na wewe mzazi hujui mwanao kaona nini.

Kuna mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, umeanza kazi 2005 na Tanzania ikaingia 2007. Unazitaka nchi zikataze kabisa matangazo, promosheni na udhamini wa tumbaku, na hiyo sigara ya moja moja nayo imetajwa humo kwa sababu ndo inayomfikia mtoto kwa urahisi.

Tangazo linamuathiri vipi mtoto? Mie nimekua naona mabango ya sigara na sijavuta hata siku moja.

Alhamdulillah kwa upande wako. Lakini bango halihitaji kumpata kila anaepita, likipata wachache katika kila mtaa kampuni imeshafaidika. Marekani ulitoka utafiti 1991, watoto wa miaka 3 mpaka 6 walipewa picha za nembo wazioanishe na bidhaa zake. Kulikuwa na ngamia wa katuni anaitwa Joe Camel, wa matangazo ya sigara. Watoto wa miaka 6, zaidi ya 90 katika kila 100, walimuweka ngamia yule kwenye picha ya sigara bila kukosea, yaani walimjua karibu sawa na wanavyomjua Mickey Mouse. Wa miaka 6 jamani, wengine hata kusoma hawajui vizuri! Mtoto huyo hatovuta kesho, lakini ile picha inakaa kichwani mpaka siku rafiki yake atakapomnyooshea sigara nyuma ya skuli, na siku hiyo haioni kitu kigeni wala cha kuogopa. Tafiti zilizowafuata vijana kwa muda zimeonesha hivyo hivyo, wanaoyaona na kuyapenda matangazo zaidi ndo wanaoanza kuvuta zaidi.

Na angalieni kinachouzwa ni nini. Tangazo halikwambii majani yana ladha gani, linakuuzia uanaume, ujanja, uhuru. Marlboro mwanzo ilikuwa inauzwa kama sigara ya wanawake, miaka ya 1950 wakamleta mchunga ng'ombe na kofia yake na farasi, mauzo yakapaa. Wayne McLaren, mmoja katika waliopigwa picha za matangazo hayo, alikufa kwa saratani ya mapafu 1992 akiwa na miaka 51, na kabla hajafa alikuwa anazunguka kuwaambia watu waache. Wasichana nao wana historia yao: New York 1929 kampuni ya sigara ilipanga wanawake wapite barabarani kwenye sherehe za Pasaka huku wanavuta, ionekane kuvuta ni kuwa huru. Nikiwaona watoto wa kike leo wanapiga picha na mrija wa shisha mkononi roho inaniuma, maana ni mchezo ule ule.

Kampuni wanasema wanatangaza kwa watu wazima wanaovuta tayari, ili wabadilishe aina tu. Si kweli?

Piga hesabu mwenyewe. Tumbaku inaweza kuua mpaka nusu ya wanaoitumia bila kuacha, duniani ni zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na humo wamo wengi wasiovuta ila wanaishi na kufanya kazi kwenye moshi wa wenzao. Ongeza na wanaoacha. Mteja anaeondoka lazima aletwe mwengine, sasa atoke wapi? Waraka wa ndani wa kampuni ya sigara ya Marekani, R.J. Reynolds, wa 1984 ulisema wazi kuwa vijana ndo chanzo pekee cha wavutaji wa kuziba pengo. Marekani kwenyewe karibu watu 9 katika 10 wanaovuta kila siku walijaribu mara ya kwanza kabla ya kupita miaka 18. Mtu wa miaka 40 ambae hajawahi kuvuta ni nadra aje aanze, wanalijua hilo kuliko sisi.

Shisha si inapita kwenye maji, maji hayachuji sumu?

Hayachuji. Yanapoza moshi tu ndo maana unaingia kifuani laini na mtu anavuta mwingi zaidi. Shirika la Afya Duniani limeshasema kikao kimoja cha shisha kinaweza kumuingizia mtu moshi sawa na wa sigara 100 au zaidi. Na lile kaa la moto la juu linaongeza kaboni monoksidi, hewa ya sumu inayotoka kwenye kitu kinachoungua. Ladha ya tufaha ni ya kukuvutia, haikukingi na chochote.

Na tambuu ya bibi, ugoro, kuberi (tumbaku ya kutafuna)? Hakuna moshi pale.

Moshi hakuna ila nikotini, ile inayomfanya mtu ashindwe kuacha, ipo na saratani ya mdomo ipo. Hata popoo, ile kokwa ya kwenye tambuu, peke yake bila tumbaku, inahesabika kuwa inasababisha saratani. Bibi akiona kidonda mdomoni kisichopona wiki mbili, au weupe usiotoka, apelekwe spitali asingojee kimuume.

Nina duka, sigara zinaniletea wateja. Nifanye nini?

Kaka, sikwambii ufunge duka. Ziondoe mbele uziweke chini ya kaunta, anaevuta ataziulizia. Bango la bure unalopewa usilibandike, na usimuuzie mtoto hata kama kasema katumwa na baba yake. Na nyie kina baba, hili la kumtuma mtoto sigara tuliache kabisa. Anajifunza jina, anajifunza bei, na muuzaji anamzoea, ikifika siku ya kujinunulia yeye nani atamuuliza?

Mume wangu anavuta, Ramadhani anafunga kutwa vizuri lakini akifuturu tu anatoka nje na kibiriti. Ataweza kuacha kweli?

Ataweza, na saumu yake ndo ushahidi. Mtu akikaa kama masaa 12 bila kuvuta kaboni monoksidi kwenye damu inashuka mpaka kawaida, kwa hivyo mwili wake kila siku ya mwezi ule unafika pahala pazuri kisha sigara ya futari inamrudisha nyuma. Ile ya mwanzo ndo ya kupambana nayo. Anywe maji, ale, asali magharibi, atoke moja kwa moja kwenda tarawehe na mtu asievuta, na paketi isilale ndani ya nyumba. Siku za mwanzo mwanzo ndo ngumu, hasira, kichwa, usingizi hauji, mvumilie, inapungua ndani ya wiki chache. Akiweza mwaka mmoja hatari ya maradhi ya moyo inateremka mpaka karibu nusu ya anaeendelea kuvuta. Akianguka siku moja asiseme basi tena, aanze upya kesho yake, wengi walioacha walijaribu zaidi ya mara moja. Na kama ana presha au pumu amuone daktari amwambie kuwa anataka kuacha, asaidiwe.