Wasanii chipukizi wa Nairobi na siasa: yasemwayo na yalivyo

"Vijana wa leo wamejifunza utovu wa adabu kwenye intaneti. Zamani sanaa ilikuwa na heshima."

Maneno haya huyasikia zaidi kwa watu wa rika la wazazi wangu, na huniuma, maana wao ndio wenye kumbukumbu. Muyaka bin Haji alitunga mashairi ya kuwatia watu wa Mombasa moyo dhidi ya Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, katika karne ya 19, na hapakuwa na simu. Mshairi Abdilatif Abdalla alikuwa na miaka 22 alipoandika karatasi iliyouliza *Kenya: Twendapi?* mwaka 1968. Akafungwa miaka mitatu. Mashairi aliyoyatunga gerezani kwa siri yalichapishwa mwaka 1973, *Sauti ya Dhiki*, na mwaka uliofuata diwani hiyo ikapata tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais yuleyule ambaye serikali yake ilikuwa imemfunga. Miaka 22 ndiyo umri wa wengi wanaopanda jukwaani Nairobi wikendi hii.

"Kinachowaponza ni matusi. Wangesema kwa upole, nani angewagusa?"

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, nami ningependa tukae hapa kidogo.

Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa riwaya ya Kiingereza, *Petals of Blood*, iliyowashambulia waziwazi matajiri waliousaliti Uhuru. Aliyeizindua alikuwa Mwai Kibaki, Waziri wa Fedha wakati huo. Mwandishi akarudi nyumbani salama. Miezi michache baadaye, kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwendo mfupi tu kutoka Nairobi, ikaanza kuonyeshwa tamthilia ya Kigĩkũyũ, *Ngaahika Ndeenda*, aliyoiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Ni hadithi ya mkulima maskini na kishamba chake cha ekari moja na nusu kinachomezewa mate na matajiri. Waigizaji walikuwa wanakijiji wenyewe, vibarua na wafanyakazi wa viwandani, na wakati wa mazoezi waliwasahihisha waandishi: hapa mzee hasemi hivi, msichana hamjibu mama yake namna hiyo. Serikali ilifuta kibali baada ya wiki chache. Mwaka ulipokuwa ukiisha Ngũgĩ alikamatwa, akazuiliwa karibu mwaka mzima bila kesi. Mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa.

Mwandishi ni mmoja na lalama ni ileile. Kilichobadilika ni lugha, na watu walioketi kwenye viti. Riwaya ya Kiingereza ilisomwa na waliosoma. Tamthilia ilitazamwa na watu waliojiona ndani yake.

Ukilishika hilo, ya juzi hayatakushangaza. Aprili 2025 wasichana wa shule ya Butere walifika Nakuru na tamthilia *Echoes of War*, kuhusu vijana na watawala katika nchi ya kubuni. Ilibidi Mahakama Kuu iamuru waruhusiwe kuigiza. Ni kweli mtunzi alikuwa mwanasiasa, aliyekuwa seneta, na anayeuliza nia yake ana haki ya kuuliza. Lakini polisi walirusha vitoa machozi kwenye tamasha la watoto wa shule. Mtunzi alizuiwa kuwafikia, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka jukwaani bila kuigiza. Miezi michache kabla ya hapo, mchoraji wa vibonzo anayejulikana kama Kibet Bull, aliyesambaza picha za kivuli za rais, alitoweka Desemba 2024 akaonekana tena Januari. Kivuli hakina mdomo wa kutukana. Ila kilienda simu hadi simu, na kila aliyekiona alimjua mwenyewe.

"Katiba ya 2010 ilimaliza mambo hayo."

Kifungu cha 33 kinautaja uhuru wa ubunifu wa kisanaa kwa jina. Lakini Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ilitungwa mwaka 1962, kabla bendera ya mkoloni haijashushwa, na hadi katiba hiyo inapitishwa bado ilikuwa kwenye vitabu vya sheria. Na Butere ilionyesha kuwa kijana anaweza kushinda mahakamani na bado asiigize.

"Wanatumwa na wafadhili."

Nusu ya hili ni kweli, na tusiifiche. *Kwani?*, jarida lililowafungulia wengi mlango kuanzia 2003, lilisaidiwa na Ford Foundation, shirika la ufadhili la Marekani. Wengi wamesoma mashairi yao ya kwanza kwenye kumbi za Goethe-Institut au Alliance Française, vituo vya utamaduni vya Wajerumani na Wafaransa, kwa sababu kodi ya ukumbi mjini haishikiki na wachapishaji wetu wanaishi kwa vitabu vya shule. Sasa tazama Juni 2024, Mswada wa Fedha, wenye kodi mpya, ulipowatoa vijana barabarani. Mabango yalichorwa vyumbani, mswada ukatafsiriwa kwa lugha za mama na watu waliokuwa wakitumia bando zao wenyewe. Wimbo uliobeba maandamano, *Anguka Nayo*, ulikuwa wa kucheza tu. Umati ndio uliouingiza kwenye siasa. Nani aliufadhili umati?

"Kazi isiyomtaja kiongozi si ya siasa."

Jumamosi moja nilikuwa kwenye ukumbi wa kijamii huko Eastlands. Msichana wa kidato cha tatu hivi alisoma shairi kuhusu mama yake na foleni ya maji. Hakutaja chama, hakutaja gavana. Alieleza namna mama anavyofunga kifuniko cha mtungi kwa kipande cha karatasi ya nailoni ili maji yasimwagike kwenye ngazi, orofa ya nne, na namna mkono wake unavyobaki umekunjwa hata baada ya kuuweka chini. Kwenye mstari mmoja alisema mtungi ni shilingi tano.

Mama mmoja wa makamo, aliyekaa nyuma na mtoto mgongoni, hakungoja amalize. "Tano ilikuwa zamani, mwanangu. Maji yakikatika ni ishirini."

Ukumbi mzima ukageuka. Wengine wakaanza kutaja bei za mitaa yao. Msichana akatoa simu mfukoni, akafuta, akaandika, kisha akainua uso. "Asante, mama. Niisome tena kutoka mwanzo?"