"Angekuwa na imani, angepona": dhana potofu kuhusu kumtumaini Mungu

Maneno hayo husemwa msibani, wakati mwingine mjane mwenyewe akisikia, na wanaoyasema ni waumini wanaofunga na kukesha. Kati ya dhana zote kuhusu imani, hii ndiyo inayoumiza zaidi.

Dhana: Asiyepona alikuwa na imani haba

Anayesema hivyo huwa ameshika mstari mmoja. Yesu alimwambia mwanamke aliyetokwa na damu kwa miaka 12 kwamba imani yake imemponya. Ni kweli alimwambia. Lakini Injili zina wengine pia. Yule mwenye kupooza wa Kapernaumu alishushwa kupitia darini, na Marko anaandika kwamba Yesu aliiona imani *yao*, pamoja na wale waliombeba. Aliyekuwa mgonjwa miaka 38 kando ya birika la Bethzatha alipoponywa hakujua hata aliyemponya ni nani. Mjane wa Naini hakuomba lolote. Alikuwa njiani kumzika mwanawe.

Kisha mtazame Paulo. Aliomba mara tatu aondolewe "mwiba", alivyouita udhaifu wa mwilini mwake, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha," na mwiba ukabaki. Paulo alimwacha mwenzake Trofimo kule Mileto akiwa mgonjwa. Timotheo, aliyemwita mwanawe katika imani, alisumbuliwa na tumbo na maradhi ya mara kwa mara. Ni mhubiri gani wa leo atakayesimama aseme kwamba hawa hawakuamini vya kutosha?

Sura ya 11 ya Waebrania, ile tunayopenda kuihubiri, inawataja waliofunga vinywa vya simba na kuzima nguvu za moto. Wahubiri wengi huishia hapo. Aya chache mbele wapo waliopigwa mawe, waliokatwa kwa misumeno, waliotangatanga wamevaa ngozi za kondoo. Na mwandishi anasema hao wote walishuhudiwa kwa sababu ya imani yao. Hakuwatenga waliookoka na waliouawa.

Kwa Mkristo, kumtumaini Mungu ni kumtegemea yeye mwenyewe, atoe tulichoomba au asitoe. Shadraka, Meshaki na Abednego walimwambia mfalme Nebukadneza kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza: "Bali kama si hivyo," bado hawataisujudia sanamu yake. Walisema hayo kabla ya kutupwa tanuruni, bila kujua mwisho wake.

Dhana: Kwenda hospitali ni kumkosea Mungu

Mungu alikwisha kumwahidi mfalme Hezekia uponyaji na miaka 15 zaidi ya kuishi, na bado nabii Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Luka anaitwa tabibu mpendwa. Nehemia, adui walipotishia kushambulia Yerusalemu, aliomba na kuweka walinzi usiku na mchana. Sioni popote Biblia inapomlaumu yeyote kati yao.

Shetani alipomtaka Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu, akitumia hata Zaburi kumshawishi, jibu lilikuwa: "Usimjaribu Bwana Mungu wako." Kujihatarisha kwa makusudi ili Mungu aokoe hakukuwa imani hata kwa Mwana wa Mungu. Nasisitiza hili kwa sababu ya Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ambako tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wakiwamo watoto, wengi wao wa watu waliofunga hadi kufa wakiamini watakutana na Yesu. Mchungaji anayemwambia mgonjwa wa kisukari au wa VVU aache dawa ili aonyeshe imani anamweka juu ya kinara kilekile.

Dhana: Mwenye imani hana shaka

Baba mmoja alilia mbele ya Yesu: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Mtoto wake aliponywa siku hiyohiyo. Na Zaburi ya 88, sala ya mtu anayeona Mungu amemficha uso, inaishia gizani bila faraja yoyote. Wayahudi na Wakristo wameiacha humo humo kitabuni, waiombe waliofikia hapo.

Dhana: Kuamini ni kukubali tu kwamba Mungu yupo

Yakobo alilimaliza hilo katika waraka wake: mashetani nao waamini, na kutetemeka.

Dhana: Panda mbegu, Mungu atakulipa maradufu

Mwenye kodi ya nyumba mkononi huambiwa aitoe madhabahuni ili afunguliwe milango. Paulo naye alichangisha fedha, tena kwa bidii, lakini zilikuwa za kuwasaidia waumini maskini wa Yerusalemu. Makanisa ya Makedonia yalitoa yakiwa katika umaskini mkubwa, na Paulo aliwasifu bila kuwaahidi magari wala nyumba. Kwa waliokuwa wakizipeleka, alitaka wawepo ndugu wengine waaminifu, mtu asije akamlaumu kwa habari ya karama ile.