Moshi mjini haikujengwa na wapanda mlima

Karibu kila mgeni ninayemtembeza katikati ya Moshi ana hadithi ileile: wapandaji wa Kilimanjaro walikuja, hoteli zikajengwa, kisha maduka. Nimechoka kuisikia, maana inawafuta wakulima na reli kwenye mji walioujenga wao.

Wajerumani waliweka boma lao juu mlimani, Old Moshi, kwenye himaya ya Mangi (mtawala wa Kichaga) Meli, ambaye walimnyonga mwaka 1900. Huku chini hapakuwa na mji. Ulioleta mji ni ule mstari wa reli ulioanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ukafika hapa 1911. Treni haiwezi kupanda miteremko ile, kwa hiyo stesheni ikawekwa tambarare. Serikali ikashuka kuifuata, na wenye maduka wa Kihindi nao wakaja. Ndiyo maana siku zote nataka matembezi yaanzie stesheni, si Mnara wa Saa. Ukianzia mnarani unaona mitaa tu. Ukianzia relini unaelewa kwa nini mitaa hiyo ipo.

Na mzigo ulikuwa kahawa. Hapo naambiwa, "Ya masetla." Hapana! Wachaga waliilima kwenye vihamba vyao, yaani mashamba ya nyumbani, chini ya migomba, na masetla wa Kizungu walipotaka Wachaga wazuiwe kuilima, Wachaga wakaunda KNPA, chama chao cha wakulima, mwaka 1925 kujitetea. KNCU, chama kikuu cha ushirika, ikafuata 1933. Mkulima alimenya, akaosha, akaanika nyumbani, akapeleka kahawa kwenye chama cha msingi ikiwa bado na ganda lake la ndani. Mjini ikakobolewa, ikapangwa madaraja, ikatiwa kwenye magunia ya juti na kupandishwa behewani. Malipo yakarudi madukani yakanunua bati na khanga, na ada za shule zikalipwa. Jengo la KNCU bado lipo katikati ya mji. Simama mbele yake kwanza, bei za kupanda mlima utauliza baadaye.

Kwamba reli hii ilitoka Dar? Si kweli. Kahawa ilishukia Tanga, na baada ya Waingereza kuunganisha Voi, kwenye reli ya Mombasa, na Kahe, karibu na Moshi, wakati wa Vita ya Kwanza, Mombasa pia. Njia ya kuungana na Reli ya Kati ilifunguliwa 1963.

Kwamba imekufa? Treni ya abiria kutoka Dar ilirudi Moshi Desemba 2019, na mwaka uliofuata ikafika Arusha.