Barua yenye mihuri mitano si kibali cha maadili

Jumanne saa nne asubuhi mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliingia ofisini kwangu na bahasha mbili za kaki. Moja ilikuwa na madodoso 120 yaliyojazwa na wasichana wa kidato cha pili, kuhusu hedhi na utoro shuleni. Nyingine ilikuwa na barua. "Madam, data nimemaliza. Kimebaki kibali cha maadili tu. Ukinisainia fomu leo utakuwa umeniokoa."

Nimesimamia tasnifu za shahada ya kwanza kwa miaka kumi na mbili, na kila mwaka sentensi hiyo naisikia, hubadilika maneno mawili matatu tu. Safari hii imenifika hapa.

Nikamuuliza aliingiaje shuleni. Akaikunjua barua ya utambulisho na kuilaza mezani: muhuri wa chuo, wa Katibu Tawala wa Mkoa, wa Mkurugenzi wa Halmashauri, wa afisa elimu, wa mkuu wa shule. Mihuri mitano. "Wote wameruhusu, Madam." Kwake kibali kilikuwa hicho. Fomu ya kamati ya maadili ya chuo, ndiyo inayotoa kibali chenyewe, aliiona kama karatasi ya kujaza faili, mtu anaijaza akipata nafasi.

Nikavuta dodoso la juu. Mstari wa kwanza: "Jina (si lazima)." Limejazwa. Lingeachaje kujazwa? Mtoto aliyekulia kwenye mitihani akiona neno "Jina" anaandika jina, tena matatu. Swali la tisa: "Umewahi kupewa pesa au zawadi na mwanaume ili upate pedi?" Jibu: ndiyo, kwa wino wa bluu. Nikaligeuza kifudifudi.

"Alipokuandikia hivi, ulifanya nini?"

"Nilikusanya madodoso, Madam."

Sasa tuelewane. Barua ya utambulisho inajibu swali moja tu: huyu kijana ni nani, na ametumwa na nani? Ofisi ya mkoa haisomi dodoso lako. Mkurugenzi naye hasomi. Mkuu wa shule akishaona muhuri wa mkurugenzi anamwita mwalimu wa zamu akuonyeshe darasa. Kila mmoja anaamini aliyemtangulia ndiye aliyekagua, kumbe hakuna aliyekagua. Kamati ya maadili inaulizia mtu mwingine kabisa, yule atakayekaa mbele yako na kalamu: atapatwa na nini akijibu, na atapatwa na nini akikataa?

Kamati ingeliona dodoso lile mapema, sehemu ya jina ingekatwa siku hiyohiyo. Ingedai ridhaa ya mzazi na kukubali kwa mtoto mwenyewe, maana hawa wako chini ya miaka 18. Mkuu wa shule anakuruhusu kupita getini. Hawezi kuwaridhia watoto 120 wa watu kwa mkupuo. Yako mazingira ambamo sharti la mzazi huondolewa, lakini anayeliondoa ni kamati, siyo wewe kwa sababu wazazi wanakaa mbali. Na juu ya swali la tisa ingekuuliza: mtoto akijibu ndiyo, unampeleka kwa nani? Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwananchi mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Utafiti haukuondoi kwenye wajibu huo. Alasiri yote ya Jumanne niliitumia kwenye simu, kumtafuta afisa ustawi wa jamii wa wilaya ile, kwa jambo lililokuwa limekaa ndani ya bahasha kwa wiki tatu.

Ndiyo maana kamati haisaini ya nyuma. Wanafunzi wanadhani ni ukorofi, au kwamba msimamizi ukimbembeleza vizuri atazungumza na katibu. Kamati ipo ili kuzuia, na kilichokwisha kutendeka hakizuiliki tena. Ukileta data iliyokusanywa bila kibali, unachoiomba kamati ni ikufichie.

Lawama nyingine ni yetu, nakiri. Waraka wa Serikali wa Julai 1980 ulimpa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mamlaka ya kutoa vibali vya utafiti kwa wafanyakazi na wanafunzi wake, na barua zimeunukuu waraka huo miaka nenda miaka rudi. Mtu akishaona neno "kibali" juu ya karatasi ya chuo, kwa nini asiamini kwamba mambo yamekwisha? Lakini hicho ni kibali cha kwenda uwandani. Na ukigusa afya, yaani wagonjwa, damu au mafaili ya hospitali, bara kuna NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na Zanzibar kuna ZAHRI, Taasisi ya Utafiti wa Afya ya huko. Iulize kamati ya chuo chako njia yako ni ipi kabla hujakata tiketi ya basi.

Mengine ninayoyasikia kwa wanafunzi nayapitia haraka, maana hayanichoshi kama hilo.

"Mimi simchomi mtu sindano, nauliza maswali tu." Mwanasaikolojia Stanley Milgram hakumchoma mtu sindano katika jaribio lake la mwaka 1961 pale Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Hata mashine ya umeme aliyowaamuru washiriki wampigie mwenzao shoti ilikuwa ya bandia. Bado watu wazima walitoka jasho na kutetemeka, wakiamini wanamuumiza mwenzao aliye chumba cha pili. Maneno matupu yanaweza kumtia mtu taabani, na swali la tisa halikuwa na sindano.

"Nimeandika kwamba majina yatahifadhiwa." Vizuri. Kisha ukurasa wa 34 unaandika: "mwalimu wa kike wa fizikia, miaka 41, shule ya kata." Kata ina shule moja, shule ina mwalimu mmoja wa fizikia. Umemficha nani? Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 jambo hili si la adabu tu, lina sheria yake.

"Akishasaini fomu hawezi kujitoa." Anaweza. Katikati ya swali la tatu, bila kukupa sababu.

Na nadharia tete. Hapa huwa nasikia, kwa sauti ya mtu aliyefiwa: "Madam, nadharia tete yangu imekataliwa." Nampa pole ya nini? Nadharia tete ni kauli unayoiweka hadharani kabla ya data ili data iishambulie. Ikianguka, utafiti umefanya kazi. Wa kumwonea huruma ni yule anayesubiri matokeo, akaona SPSS, ile programu ya takwimu, imemletea uhusiano ambao hakuutarajia, akarudi sura ya kwanza kuandika kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa nadharia tete yake tangu Januari. Huko ni kupiga mshale ukutani kisha kuchora shabaha kuuzunguka. Tena p, ile namba ya takwimu inayopima kama matokeo yangeweza kutokea kwa bahati tu, ikizidi 0.05 usiniandikie "imethibitika kwamba hakuna uhusiano." Umetafuta funguo sebuleni hukuziona, hilo halisemi kwamba hazimo, hasa kama ulitafuta kwa njiti ya kibiriti, yaani watu 30. Na kama utafiti wako ni wa mahojiano ya kina, unataka kujua wasichana wanaishije na hali hiyo, huhitaji nadharia tete hata moja. Maswali ya utafiti yanatosha. Acheni kuzibandika kwa sababu tasnifu ya kaka yako ilikuwa nazo.

Watu hudhani haya mawili, maadili na nadharia tete, ni sura mbili zisizojuana. Nilimuuliza kijana wa Jumanne nadharia tete yake. Akaitaja bila kusita: hakuna uhusiano kati ya kupata pedi na mahudhurio. Nikamuuliza swali la tisa linaipima vipi. Kimya. Alilitoa kwenye dodoso fulani la mtandaoni, akaliona zuri. Dodoso lake lilikuwa na maswali 42. Tukayapitia moja moja kwa penseli, nikimuuliza hili linaingia jedwali gani, na yakabaki 11. Yale 31 yalikuwa yanamchimba mtoto bila faida kwa yeyote, na kamati inayosoma kwa makini hugundua hilo kwa kulinganisha tu nadharia tete na dodoso.

Kwa hiyo wanafunzi wangu wote nawalazimisha, wakinuna wakicheka: kabla hujaandika swali hata moja la dodoso, chora majedwali matupu ya sura ya nne, ile ya matokeo. Vichwa vya safu viwepo, namba zisiwepo. Kisha andika maswali yatakayojaza vyumba hivyo, na ukijaza, weka kalamu chini. Kazi ya jioni moja. Waliowahi kuifanya hawajawahi kurudishiwa fomu na kamati zaidi ya mara moja.

Yale madodoso 120 yamo kwenye kabati langu lenye kufuli mpaka kamati iseme yafanyiwe nini. Kijana anaanza upya, shule nyingine, maswali 11, na fomu ya mzazi ya Kiswahili ambayo nimemrudishia mara mbili kwa sababu ilisomeka kama mkataba wa benki. Kamati yetu inakaa Alhamisi ya mwisho ya mwezi. Fomu zifike siku kumi kabla, na dodoso liambatanishwe zima. Muhtasari hatupokei.