Koncherto ni nini, na kwa nini mpiga solo huja kama mgeni?

Koncherto ni kipande cha muziki kilichoandikiwa okestra pamoja na chombo kimoja kinachotolewa mbele ya vyengine. Chombo hicho huwa fidla, piano, chelo, tarumbeta, hata filimbi, na anayekipiga huitwa mpiga solo. Waliobaki, watu 30 au 80 kutegemea mtunzi, hukaa nyuma na pembeni yake, na mwongozaji husimama na kijiti mkononi. Mwimbaji hakuna. Mara nyingi kipande huwa na sehemu tatu: ya mwanzo ya kasi, ya kati ya taratibu, ya mwisho ya kasi tena. Zote pamoja huchukua kama dakika 20 hadi 40.

Maelezo mengi huishia hapo, na mtu aliyelelewa na taarabu hubaki na swali lake: kwa hiyo okestra yote ile ipo kumsindikiza mtu mmoja? Sivyo. Ukikaa kusikiliza Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichopo tangu 1905, au Culture Musical Club, unajua tangu mwanzo wimbo ni wa nani. Ni wa mwimbaji. Fidla humjibu anapovuta pumzi, kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, hupamba, waitikiaji hupokea, na hakuna chombo kitakachomnyang'anya neno. Katika koncherto mwenye neno hajulikani mpaka mwisho. Okestra hutoa wazo, mpiga solo akalichukua na kuligeuza, okestra ikalirudisha kwa nguvu kama haikuridhika, naye akalijibu kwa upole au kwa ukali. Ni kama wazee barazani wanaogombea nani amalize mazungumzo, na wote wana adabu zao.

Chukua koncherto ya fidla ya mtunzi Beethoven, iliyopigwa mara ya kwanza na Franz Clement mjini Vienna tarehe 23 Desemba 1806. Inaanza kwa ngoma: mapigo machache ya pole, peke yake, kabla chombo chengine hakijatoa sauti. Kisha okestra hueleza habari yote kwa muda wa dakika tatu hivi. Wakati wote huo mpiga solo amesimama mbele ya watu, fidla ameishusha, hana la kufanya. Anapoingia haanzi na wimbo wenyewe. Hupanda kutoka chini mpaka juu, hatua kwa hatua, na wimbo humfikia baadaye. Mendelssohn, ambaye koncherto yake ya fidla ilipigwa Leipzig mwaka 1845, hakutaka kusubiri huko. Fidla inaingia sekunde chache tu baada ya okestra kuanza. Na katika koncherto ya nne ya piano ya Beethoven, piano ndiyo inayotangulia, peke yake na kwa sauti ya chini, halafu nyuzi zinajibu kutoka mahali usipopatarajia. Mtunzi akiamua nani aseme kwanza, ameshaamua sehemu kubwa ya maana ya kipande chake.

Wapo wasioupenda mgawo huo. Katika koncherto ya fidla ya Brahms ya mwaka 1879, sehemu ya taratibu inaanza na wimbo mrefu, mzuri kuliko yote, na wimbo huo amepewa mpiga obo, chombo cha kupuliza. Inasimuliwa kwamba Pablo de Sarasate, bingwa wa fidla wa zama zile, alikataa kuipiga koncherto hiyo kwa sababu hakuona haja ya kusimama na fidla mkononi akimsikiliza mwengine akila utamu wote. Mimi naona Brahms alikuwa na haki, lakini Sarasate pia namuelewa.

Sasa kuna pahala pamoja ambapo mtu wa Unguja au Pemba hahitaji mwalimu. Karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza, okestra hukusanya nguvu, husimama juu ya mlio ambao sikio linajua haujamaliza, kisha kimya. Mwongozaji hushusha mkono. Mpiga solo hubaki peke yake, bila kipimo cha ngoma, akiyapitia yale yaliyokwishasikika na kuyapeleka atakako. Hiyo huitwa kadenza. Mwishoni hutetemesha nota mbili jirani kwa muda mrefu, na hiyo ni ishara kwa wenzake kwamba anarudi. Aliyewahi kumsikiliza mpiga kanuni au mpiga udi akipiga taksimu, yaani kupiga peke yake kwa kubuni papo hapo kabla ya wimbo, akitembea ndani ya rasti, moja ya makamu au ngazi za sauti, akichungulia makamu nyengine na kurudi nyumbani huku ngoma ya dumbaki imetulia ikisubiri, anaifahamu hali hiyo.

Tofauti yake ni kwamba taksimu ya leo si ya jana. Kadenza nayo zamani ilikuwa hivyo: Mozart na Beethoven walizibuni papo hapo. Lakini katika koncherto yake ya tano ya piano, iliyochapishwa 1811, Beethoven aliandika kabisa kwamba mpigaji asitie kadenza yake, apige hayo yaliyoandikwa. Mtindo huo ukaenea. Leo wapigaji wengi wa koncherto yake ya fidla huhifadhi kadenza zilizoandikwa na Joseph Joachim au Fritz Kreisler, na koncherto ya Mozart ya mwaka 1785 inayojulikana kwa namba 20, ambayo kadenza zake mwenyewe hazikubakia, wengi huipiga kwa kadenza za Beethoven. Kwa maoni yangu hapo walipoteza kitu, na wapiga kanuni wetu bado wanacho.

Na ugeni wa mpiga solo? Okestra ina wapigaji wake wa kudumu, lakini anayesimama mbele huitwa kutoka nje, mara nyingi kwa mkataba uliofungwa mwaka mzima kabla au zaidi. Hufika siku moja mbili kabla ya onyesho, huzungumza na mwongozaji juu ya mwendo, hufanya mazoezi na okestra mara moja au mbili, na kesho yake yuko mji mwengine. Hilo linawezekana kwa sababu kila nota imeandikwa, na yeye kipande amekihifadhi kwa miaka. Mpiga fidla husafiri na fidla yake mkononi wala haiachi kwenye mizigo. Mpiga piano ana mtihani zaidi, maana hupiga piano atakayoikuta.

Mtu ambaye mpiga solo humtegemea zaidi jukwaani ni kiongozi wa wapiga fidla, anayekaa kiti cha kwanza upande wa kushoto wa mwongozaji. Julai 1986, huko Tanglewood, Marekani, mpiga fidla Midori akiwa na miaka 14 alikuwa akipiga kipande cha Leonard Bernstein cha fidla na okestra, Bernstein mwenyewe akiongoza. Uzi ukakatika. Akageuka, akachukua fidla ya kiongozi, akaendelea. Uzi ukakatika tena. Akapokea fidla nyengine, akamaliza, na muziki haukusimama.

Kuhusu makofi: kwetu ubeti ukikugusa unainuka na kumtunza mwimbaji wimbo ukiendelea. Katika koncherto watu hukaa kimya mpaka sehemu zote zimekwisha, lakini desturi hiyo si kongwe kama wanavyoichukulia. Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris mwaka 1778 akifurahi kwamba watu walipiga makofi katikati ya simfoni yake, yaani kipande cha okestra nzima bila mpiga solo.

Kama koncherto ingepigwa hapa Mji Mkongwe, singeanza na Brahms. Ngome Kongwe iko wazi juu, sauti ya nyuzi inapaa na kupotea, na maikrofoni huharibu mizani kati ya mmoja na wengi, ambayo ndiyo koncherto yenyewe. Piano nayo na unyevu wa bahari hawapatani. Ningeanza na Vivaldi, aliyeandika koncherto zaidi ya 200 za fidla peke yake, nyingi akiwa mwalimu wa muziki kwa wasichana wa nyumba ya yatima mjini Venice. Zile za Misimu Minne, zilizochapishwa 1725, kila moja ni ya dakika kumi hivi, na hazitaki tarumbeta wala ngoma: fidla kiasi, viola, chelo, besi na kinanda kimoja, ndani ya ukumbi wenye dari. Tangu 2002 chuo cha muziki cha DCMA kimekuwa kikifundisha vijana hapa Unguja, fidla ikiwemo. Kundi dogo la namna hiyo, likiongezwa wachache kutoka bara, lingetosha, na mpiga solo angeweza kushuka na boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam akafanya mazoezi mchana.