Msamaha wa Taifa kwa Makosa ya Vita: Fomu Haipo, Lakini Swali Lipo

Tangu Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliposimama Songea tarehe 1 Novemba 2023 na kuomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu wa watu wa pale katika Vita vya Majimaji, sisi tunaotunza nyaraka hapa Dodoma tumekuwa tukipokea maswali ambayo zamani hayakuletwa dirishani kwetu. Wapo wanaouliza iwapo taifa linaweza kweli kuomba radhi kwa matendo ya watu waliokwisha kufa. Wapo pia, na hawa ndio wengi, wanaouliza fomu ya fidia inatolewa wapi.

Nianze na la pili ili tuliondoe njiani. Fomu hiyo haipo. Rais wa Ujerumani si mkuu wa serikali, na maneno aliyoyatamka Songea hayakuambatana na fungu lolote la fedha. Mazungumzo ya namna hiyo hufanywa kati ya serikali na serikali, na Rais Samia Suluhu Hassan alikwisha kusema wakati wa ziara ileile kwamba Tanzania iko tayari kuyafungua. Mwananchi hajiandikishi popote. Hata hivyo, mzee mmoja kutoka upande wa Bahi alifika kwetu, akatusalimu kwa «mbukwa» ya Kigogo, ya heshima, kisha akatoa kwenye bahasha ya kaki karatasi iliyotolewa nakala mara nyingi hadi mistari imefifia, yenye tai mweusi aliyechorwa kwa kalamu na nafasi ya kujaza «jina la babu aliyebebeshwa mizigo». Alikuwa ameilipia. Anayeuza karatasi ya namna hii anajipatia fedha kwa udanganyifu, kosa lililo chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambalo adhabu yake hufikia kifungo cha miaka saba. Aliyeuziwa atoe taarifa kituo cha polisi kilicho karibu, apewe namba ya taarifa, na aitunze karatasi yenyewe kama kielelezo badala ya kuichana kwa hasira. Na kwa kuwa wanaouza fomu mara nyingi ndio haohao wanaouza ramani za «mali za Mjerumani», nikumbushe kwamba kuchimba mambo ya kale bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale, na kwamba alama ya mpaka iliyochongwa kwenye jiwe ni alama ya mpaka. Hakuna rupia chini yake.

Sasa swali lenyewe. Wananchi wengi hutujibu kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, kana kwamba methali hiyo imefunga mjadala. Kwa heshima zote, methali hiyo husemwa vizuri na aliyekosewa anapoamua kusamehe. Ikisemwa na aliyekosa, inakuwa njia ya kukwepa. Hoja ya kwamba waliotenda wamekufa nayo ni dhaifu kuliko inavyosikika, kwa sababu taifa si mtu, na serikali haikatai mkataba kwa kuwa waliotia saini wako kaburini. Malipo ya mwisho ya hati za mikopo iliyotokana na fidia ya Vita Kuu ya Kwanza, Ujerumani iliyafanya Oktoba 2010, na wakati huo hakukuwa na mtu serikalini aliyewahi kushika bunduki katika vita hivyo. Ikiwa deni la fedha linarithiwa kwa miaka tisini na zaidi, sioni ni kwa nini deni la neno liishe na mazishi ya mtendaji. Kwa maoni yangu, basi, taifa linapaswa kuomba radhi. Ugumu uko kwenye aina ya maneno, na hapa ndipo mtu wa nyaraka anapoanza kuwa msumbufu.

Kusikitika si kuomba radhi. Mwezi Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, aliliambia Bunge lao kwamba serikali yake inasikitika kwa dhati kwa mateso waliyopata Wakenya wakati wa vita vya Mau Mau, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa madai ya watu 5,228, na papo hapo ikaendelea kukana kwamba inawajibika kisheria. Fedha zilitoka, neno halikutoka. Namibia mambo yalikwenda kinyume: Mei 2021 Ujerumani ilitamka kwamba waliyotendewa Waherero na Wanama chini ya utawala wake wa kikoloni ni mauaji ya kimbari, ikaahidi euro bilioni 1.1 katika miaka 30, ikajihadhari isiziite fidia, na wawakilishi wengi wa jamii hizo wakalalamika kwamba mazungumzo yalifanywa juu ya vichwa vyao.

Nani anapokea ni swali la zamani kwetu. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kiliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ndani ya miezi sita, na kikataja wazi litakabidhiwa kwa nani: Serikali ya Mfalme wa Uingereza. Wahehe hawakutajwa kama wapokeaji. Fuvu lilifika Kalenga, karibu na Iringa, mwaka 1954, likiletwa na Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, na katika mambo yote hayo sioni mstari wa mtu kuomba radhi. Lilirudishwa kama mzigo uliopotea njiani.

Kwa upande wa Songea, kosa walau lina jina. Makadirio ya waliokufa katika Majimaji huanzia watu 75,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa iliyotokana na amri ya kuchoma mashamba na maghala. Kuna amri, kuna aliyeitoa, kuna tarehe. Sisi wa Ugogo, yaani huku Dodoma, hatuna bahati hiyo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walichukua hapa ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mwishoni mwa Julai 1916 jeshi la Uingereza chini ya Jenerali Jacob van Deventer likaingia Dodoma, nalo likachukua ng'ombe, nafaka na vijana. Kisha mvua ikakataa. Njaa iliyofuata, ambayo wazee waliiita Mtunya, ilidumu kati ya mwaka 1917 na 1920, na wanahistoria wanakadiria kwamba iliondoa takriban mtu mmoja katika kila watano. Hakukuwa na kijiji kilichochomwa kwa amri ili watu wafe. Kulikuwa na stakabadhi, au hata hiyo haikuwapo, na zizi tupu. Sasa nani aombe radhi: aliyechukua kwanza, aliyechukua mabaki, au wote wawili waliokuja kupigania nchi isiyo yao? Mimi nasema wote wawili, na kila mmoja ataje alichochukua. Msemo wa «mateso ya enzi za ukoloni» haurudishi hata debe moja la uwele. Wanaotuuliza pia kuhusu Vita vya Kagera waelewe kwamba jambo hilo lina mamlaka yake, na si sisi.

Kutaja kunahitaji karatasi. Chini ya Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, nyaraka za umma hufunguliwa kwa wasomaji baada ya miaka 30, kwa hiyo za vita hivi ziko wazi. Msomaji aje na barua ya utambulisho na kitambulisho, aeleze wilaya na miaka anayoitafuta, aache begi mlangoni na atumie penseli, kwani wino ukimwagika juu ya karatasi ya mwaka 1912 hautoki. Tafadhali msije mkisema «nataka faili la Mjerumani». Mafaili ya Kijerumani ni maelfu, yametunzwa Dar es Salaam, na mengi yameandikwa kwa mkono, kwa mwandiko wa zamani ambao hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi.

Mzee wa Bahi hakuwa na barua wala penseli. Tulimpa kiti, akatutajia jina la babu yake, jina la mlima uliokuwa nyuma ya boma lao, na idadi ya ng'ombe ambayo baba yake alikuwa akiitaja kila walipohesabu mifugo jioni: kumi na saba. Tumeiandika idadi hiyo kama ilivyosemwa, pamoja na tarehe aliyoisema.