Kubadili jina la seva: yanayoaminiwa na yalivyo

"Ni amri moja tu."

Amri ni moja, hilo sibishi: kwenye Linux yenye systemd (programu inayosimamia huduma za mfumo), amri ya hostnamectl inamaliza kabla hujakohoa. Lakini inaigusa seva yenyewe tu, na jina la zamani limeshatapakaa: kwenye DNS (mfumo unaotafsiri majina kuwa anwani za mtandao), faili za /etc/hosts za mashine jirani (orodha zao za majina na anwani), cheti cha TLS (kinachothibitisha kuwa seva ndiyo yenyewe), ratiba za chelezo, na mfumo wa ufuatiliaji, ambao utaiona kama seva mpya isiyo na historia huku ukipiga kelele kuwa ile ya zamani imekufa. Programu nyingine hulifunga jina ndani ya data zao. RabbitMQ, programu ya kupanga ujumbe kwenye foleni, huita nodi yake (RabbitMQ inayoendeshwa kwenye mashine hiyo) kwa jina la mashine, na folda ya data hufuata jina hilo. Ukibadilisha bila maandalizi inaamka tupu, foleni hazionekani, na moyo unakuruka. Kumbe data ipo palepale, chini ya jina la zamani. Kwa Exchange, programu ya seva ya barua pepe, usijaribu: ikishasakinishwa, Microsoft haikubali seva hiyo ibadilishwe jina.

"Jina zuri hueleza kila kitu."

Likibeba jengo, mfumo endeshi, toleo na kazi, siku seva ikihamishwa jina linageuka uongo. Na jina la uongo naliogopa kuliko jina lisilo na maana: web01 iliyogeuzwa kuwa hifadhidata, mtu wa zamu ya usiku ataizima bila wasiwasi. Weka mazingira na kazi kuu. Mengine yakae kwenye orodha ya vifaa. Nafasi yenyewe ni finyu: sehemu moja ya jina kwenye DNS haizidi herufi 63, jina la NetBIOS (mfumo wa zamani wa majina ya mtandao) kwenye Windows ni 15 tu.

"Majina ya sayari ni utoto."

RFC 1178 (moja ya nyaraka za wataalamu wa intaneti) ya mwaka 1990, iliyoandikwa mahsusi kuhusu kuipa kompyuta jina, iliyapendekeza majina ya mada moja. Kwa mashine tano yanatosha. Kwa mia tano, hakuna atakayekumbuka Zohali inafanya nini.

"Jina lenye maana humsaidia mdukuzi."

Kidogo sana. Akikuta poti 5432 (mlango wa mtandao) wazi atahisi ni PostgreSQL, programu ya hifadhidata, hata seva ikiitwa Zuhura.

"Jina jipya likifanya kazi, futa la zamani."

Liache kama CNAME (rekodi ya DNS inayolielekeza jina la zamani kwenye jipya) kwa miezi kadhaa, cheti kikibeba majina yote mawili. Washa kumbukumbu za maulizo ya DNS, utaona ni skripti ya nani bado inaliita.